Manowari Isiyopangwa na Mtu

Dadu lilikuwa bado linazunguka juu ya meza jibu lilipotokea kwenye kioo cha kompyuta. Mtunza stoo alikuwa ametaja mraba wa D sita, Bwana Slaidi akarusha dadu kama kawaida yake ili limwambie ajibu nini, na kabla halijatulia neno moja likajiandika chini ya jina la Adui: Moto. Ndipo dadu likalala. Lilionyesha mbili, na kwa kanuni alizotunga mwenyewe, mbili ilikuwa moto.

Mtu mwingine angetoa mkono mezani haraka. Bwana Slaidi aliangalia saa, akaona kipindi kinakaribia kwisha, akasema kwa ile sauti yake ya ukumbini, "Vizuri sana, timu," mchezo ukaendelea.

Huyu alikuwa afisa mafunzo wa kampuni inayofunga na kutengeneza lifti. Spana hajawahi kuishika. Kwa miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya watu wanaojua kazi na kuwaeleza kazi, na jina hilo alipewa na mafundi siku alipotumia slaidi nne kuwatangazia kwamba choo cha ghorofa ya chini kimeharibika. Hakulijua. Nyumbani alimfundisha mkewe, fundi cherehani wa miaka ishirini, namna bora ya kukaa kwenye cherehani. Mkewe alikuwa akimsikiliza mpaka mwisho, halafu anakaa alivyokuwa amekaa.

Kampuni ilikuwa na ofisi katika miji minne, na wafanyakazi wa mji huu waliwajua wa mji ule kwa sauti ya simu tu, hasa sauti ya kulaumiana. Stoo walisema mafundi wanaagiza vipuri wasivyovihitaji; mafundi walisema stoo wamelala. Mkurugenzi alipochoka na malalamiko, alimwagiza Bwana Slaidi atafute kitu cha kuwaunganisha watu hao mtandaoni, bila safari. Bwana Slaidi alikaa wiki tatu mbele ya kompyuta, akatoka na kichwa cha habari tu.

Wazo lilikuwa la Mama Pacha. Huyo alikaa chumba cha simu, akipokea wito wa watu waliokwama ndani ya lifti. Alikuwa akizungumza nao taratibu, mmoja baada ya mwingine, mpaka fundi afike. Wapo waliotoka humo wakilia na kuuliza yule mama wa kwenye simu ni nani. Siku moja wakiwa wanasubiri chai alimsimulia Bwana Slaidi mchezo aliocheza na baba yake kwenye daftari la miraba: kila mmoja anazificha manowari zake, mwenzake anabahatisha kwa herufi na namba, unajibu maji akikosa na moto akipata. Pacha wake walipoanza kugombana kila jioni, aliugeuza. Aliwaweka wote wawili kwenye meli moja, huyu usukani, huyu mizinga, yeye akawa adui. Hawakuruhusiwa kutaja mraba mpaka wakubaliane, na lolote lililotokea ilibidi walisimulie kana kwamba wamo humo, sitaha imelowa na moshi umewaingia machoni. Ugomvi ulikwisha ndani ya wiki.

Bwana Slaidi alimwambia huo ni mchezo wa watoto. Baada ya siku kumi ulikuwa kwenye slaidi kumi na nane, na jina la mtunzi lilikuwa lake.

Alibadilisha jambo moja tu. Alisema si vizuri mfanyakazi akae upande wa kuwapinga wenzake, kwa hiyo adui asiwe mtu. Alifungua akaunti ya mkutano akaipa jina la Adui, ikawa kisanduku cheusi pembeni mwa kioo, hakuna aliyeketi nyuma yake. Manowari hazikupangwa popote. Dadu ndilo lililoamua: moja au mbili ni moto, zaidi ya hapo ni maji, naye aliandika jibu kwa niaba ya Adui.

Siku ya kutambulisha mchezo, Mama Pacha aliomba nafasi ya kusema. Alisema kwa upole kwamba adui lazima awe mtu, mtu aliyezificha meli kwa mkono wake na anayejua ziliko. "Kiti kama hicho hakiachwi wazi, bwana," alimaliza.

Bwana Slaidi alimuuliza kama anaogopa kisanduku cheusi. Watu wakacheka, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika tathmini zao za mwaka.

Walikuwa wanne melini. Bwana Slaidi alijifanya nahodha, bila kura. Mama Pacha alishika usukani. Mtunza stoo, mtu wa mzaha na kicheko kikubwa, akawa mpiga mizinga. Wa nne alikuwa fundi wa mji wa mbali, mzee mwenye miaka thelathini ndani ya mashimo ya lifti, waliyemwita Kamba. Aliwekwa juu ya mlingoti kuangalia mbele. Kamba alikuwa mtu asiyesema, ripoti zake zilikuwa na neno moja, "Imepona." Lakini katika kipindi cha pili, alipoulizwa anaona nini, alianza kueleza ukungu, jinsi unavyokuja chini chini juu ya maji kama mtu anayenyata, na wote wakanyamaza kumsikiliza. Baada ya hapo walianza kupendana, na hilo lilikuwa jambo la kweli. Mtunza stoo na Kamba, waliotukanana miaka sita kwa sababu ya vipuri, walianza kupigiana simu kuulizana hali. Bwana Slaidi aliliandika katika ripoti kama mafanikio yake.

Kipindi cha nne ndicho kile ambacho jibu lilitangulia dadu. Cha tano, Bwana Slaidi hakupata nafasi ya kurusha dadu kabisa. Kila mraba uliotajwa ulijibiwa papo hapo, maji, maji, moto, maji, na majibu yalianza kufuata mpangilio, moto ukiwa umejipanga kwa mistari iliyonyooka kama meli halisi zilizofichwa na mtu mwenye akili. Alimpigia mtunza stoo kumkanya, akidhani ni mzaha wake. Mtunza stoo aliapa kwamba hajagusa akaunti ile wala hajui nywila yake. Bwana Slaidi alimwambia kwamba uongo huo ataukumbuka wakati wa tathmini.

Nyumbani, tangu wiki ya pili ya mchezo, mkewe alikuwa amegundua harufu. Nyumba yao ilikuwa mbali na bahari, safari ya siku nzima, lakini sebule ilianza kunuka kamba za meli zilizolowa na kombe za baharini zilizooza, na harufu ilikuwa nzito zaidi saa tisa alasiri, siku za Jumanne na Alhamisi, siku za mchezo. Alifua mapazia, akamwaga dawa kwenye bomba la sinki. Kisha asubuhi moja akakuta gauni la bibi harusi alilokuwa amelitundika ukutani lina alama nyeupe kuzunguka pindo, juu kidogo ya sakafu, kama alama ya maji yaliyojaa na kupwa. Aligusa kwa ulimi. Chumvi. Alipomwonyesha mumewe, alimwambia afue kwa sabuni nzuri.

Halafu nafasi walizopewa zikaanza kuwang'ang'ania. Mama Pacha alikuwa akiosha vyombo akaona viganja vyake vina malengelenge, yamepangana kama ya mtu aliyeshika gurudumu zito siku nzima. Mtunza stoo aliacha kucheka, maana hakusikia tena mzaha wa mtu. Masikio yake yalivuma mfululizo, na daktari aliyempima alimuuliza amefanya kazi jeshini kwa muda gani. Kamba hakulala. Hakuwa akikosa usingizi kama watu wanavyokosa. Macho yake hayakufumbika. Mkewe alimkuta amesimama kwenye ngazi ya nje, uso ameuelekeza mbali, na alipomwita alijibu kwamba zamu yake haijaisha.

Mama Pacha aliyakusanya hayo yote kwa simu, kisha akampigia Bwana Slaidi. Alimweleza moja baada ya jingine, bila kupamba, akamwomba asimamishe mchezo. Bwana Slaidi alimwacha amalize. Alisema watu wa spana ni wepisi kuingiwa na hofu, kwamba malengelenge yanatokana na sabuni kali, kwamba masikio na usingizi ni mambo ya daktari, na kwamba Alhamisi mkurugenzi mwenyewe ataingia kutazama dakika ishirini za mwisho. "Mimi siwezi kumwambia mkurugenzi habari za majini," alisema.

"Mimi sijataja majini," Mama Pacha akajibu. "Umeyataja wewe."

Alhamisi, saa tisa, wote wanne waliingia. Mama Pacha alikuwa chumba cha simu, viganja amevifunga kitambaa. Mtunza stoo alikuwa kati ya rafu zake, sauti ya hedifoni imepandishwa mpaka mwisho. Kisanduku cha Kamba kilikuwa na giza na upepo, na alipoulizwa yuko wapi alisema yuko kazini. Bwana Slaidi alikuwa sebuleni, amevaa tai, na mkewe yuko upande wa pili wa chumba akishona, kwa sababu kazi ya mtu ilikuwa inasubiriwa.

Walitaja mraba wa kwanza. Hakuna jibu. Wakataja wa pili, kimya. Kisha kisanduku cheusi kikazungukwa na ule mstari wa kijani unaoonyesha nani anazungumza.

"Zamu yangu," Adui akasema.

Haikuwa sauti ya kutisha, na wote baadaye walikubaliana kwamba hilo ndilo lililowatisha. Ilikuwa sauti ya mtu mzima aliyechoka kusubiri wajinga, sauti ya mtu anayezungumza huku anatazama kucha zake.

"H mbili," ikasema, na nyumbani kwa mtunza stoo, kama mkewe alivyomsimulia jioni, mtungi wa maji uliokuwa jikoni umejaa ulipasuka katikati. "C nane," na taa zote za chumba cha simu zikapasuka pamoja, vioo vikamwagika juu ya meza ya Mama Pacha, naye hakuondoa mkono kwenye simu. "F nne," na mkono wa cherehani ukakatika mbele ya macho ya mke wa Bwana Slaidi, chuma kizima, kama biskuti. Na harufu ikaingia kwa nguvu, si ya kombe sasa bali ya kina chenyewe, ya tope ambalo halijawahi kuona jua, na chini ya harufu kukawa na mlio, mbao zikilalamika, maji yakipigapiga nje ya ukuta wa nyumba iliyojengwa juu ya udongo mkavu, na sakafu, mke wa Bwana Slaidi angeweza kuapa mbele ya yeyote, ikainama upande mmoja polepole, ikakaa hivyo, kisha ikainama upande wa pili, na pini zake zote zikabingirika kutoka ukuta hadi ukuta.

"Mmenitafuta kwa wiki tatu," sauti ikasema. "Nikasema acha nione ni watu gani. Nimeona. Nahodha, nipe baharia mmoja niondoke."

Mtunza stoo alikuwa akiomba dua kwa midomo tu, bila sauti. Mama Pacha alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu asijibu. Bwana Slaidi hakujibu kwa mdomo. Mkewe alimwona vidole vyake vikienda haraka, uso wake umetulia ghafla kama mtu aliyeiona njia ya kutokea. Alikuwa akimwandikia Adui ujumbe wa siri. Lakini mtu huyu aliyefundisha wenzake mtandao kwa slaidi hakuwahi kuujua vizuri, na ujumbe ulitokea kwenye kioo cha kila mmoja wao: Mchukue mshika usukani.

Kisha Adui akacheka kidogo, kicheko kikavu cha puani.

"Sikuomba kwa sababu nataka," akasema. "Niliomba nione."

Ndipo waliposikia chuma kikigonga chuma kutoka kwenye kisanduku cha Kamba, na Mama Pacha, ambaye masikio yake yaliijua milio ya lifti zote, akajua mzee yuko wapi. Alikuwa juu ya shimo la lifti, jengo la ghorofa tisa, amesimama kwenye boriti ya mashine bila mkanda, simu mfukoni, macho mbele.

"Naona taa," Kamba akasema. "Naenda kuiangalia karibu."

Mtunza stoo alifungua mdomo kupiga kelele. Mama Pacha alimkataza. Aliivuta simu karibu, na akazungumza kama alivyozungumza na watu waliofungiwa gizani.

"Mwangalizi, ni mimi wa usukani. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Umeona nini?"

"Taa. Chini."

"Umeona vizuri. Nimeiandika. Sasa sikiliza, mzee wangu. Zamu yako imekwisha."

Waliisikia boriti ikilia chini ya viatu vyake, na ile sauti nyingine, maji, ikipanda ndani ya shimo la lifti la mji usio na hata mto.

"Hakuna aliyekuja kunipokea," Kamba akasema.

"Nakupokea mimi. Nina macho, nitaangalia mimi. Geuka, ushike ngazi iliyo nyuma yako. Mkono wa kulia kwanza. Umeishika?"

"Nimeishika."

"Shuka hatua moja, uniambie."

Alishuka hatua moja, akamwambia. Walihesabu hivyo, mama na mzee, hatua moja moja, naye Adui hakuingilia. Mtunza stoo alisema baadaye kwamba alihisi kitu kile kikiwasikiliza kwa heshima kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye mchezo mbovu mpaka akamwona mchezaji mmoja hodari. Kamba alipofika kwenye sakafu ya zege alikaa chini akalia, na mafundi wenzake wakamkuta hapo.

Mkurugenzi hakuingia. Alituma ujumbe kwamba amebanwa, waendelee vizuri.

Mke wa Bwana Slaidi hakumgombeza mumewe. Alizima kompyuta, akafagia pini, akampigia simu shangazi yake. Shangazi huyo alikuwa muuguzi mstaafu aliyejulikana mtaani kwa kutoa majini, kazi aliyoifanya kwa beseni la maji safi, dua na maswali mengi. Alifika kesho yake mchana. Alimsikiliza Bwana Slaidi, ambaye alieleza kwa urefu jinsi wafanyakazi wake walivyokosa nidhamu ya mchezo, na alipomaliza, shangazi alimuuliza swali moja: kile kiti alikiacha wazi nani?

Alisema dawa ni moja. Aliyekiacha wazi akikalie mwenyewe. Achore miraba kwa mkono wake, na kila ubaya aliowafanyia watu wale auweke kama meli, mkubwa kwa mdogo. Wao watamtafuta. Wakimpata, aseme moto, kisha ataje ni ubaya gani. Asifiche hata mmoja, maana kile kitu kinakaa mahali palipofichwa, hakina makazi mengine.

Saa tisa wote waliingia tena. Bwana Slaidi alikaa kwenye kisanduku cha Adui, jasho likimtiririka, karatasi mbele yake, shangazi kando na beseni. Kamba alikuwa amelazwa kitandani, macho bado wazi, mkewe amemshikia simu.

Walimtafuta taratibu, wakishauriana. Ya kwanza waliipata haraka, meli ndefu: aliiba wazo la Mama Pacha na kuliita lake. Aliposema hivyo kwa sauti, malengelenge ya Mama Pacha yalianza kukauka kama yaliyopakwa unga. Ya pili, alimwandikia mtunza stoo tathmini mbaya miaka miwili mfululizo kwa sababu ya kicheko chake. Mtunza stoo aliivua hedifoni, akatazama huku na huku, akasema anasikia feni. Ya tatu, aliambiwa kwamba Kamba halali akaamua asiseme mahali popote. Ya nne, alimtaja mshika usukani. Hapo alilia, machozi ya kweli, akasema alikuwa na hofu, hofu tu, na mtu yeyote angefanya hivyo.

Kabla ya hiyo ya nne, Mama Pacha alikuwa ametaja E tano. Bwana Slaidi alitazama karatasi, akasema, "Maji." Shangazi aligeuza kichwa akamwangalia. Mchezo ukaendelea.

Baada ya nne, shangazi alimuuliza kama kuna nyingine.

"Zimekwisha."

"Nakuuliza mara ya pili."

"Shangazi, zimekwisha."

Shangazi alichukua karatasi bila kuisoma, akaitia kwenye beseni, akasoma dua yake. Harufu ilitoka kupitia dirishani kama mtu aliyefungua mlango kwa hasira. Mbao zikanyamaza. Kwenye simu walimsikia mke wa Kamba akisema kwa mshangao mdogo kwamba amefumba macho. Alilala siku moja na nusu, na alipoamka aliomba uji.

Jioni mke wa Bwana Slaidi alikwenda kumwaga maji ya beseni. Wino wote ulikuwa umeyeyuka, karatasi imekuwa nyeupe, isipokuwa mraba mmoja, E tano, uliobaki mweusi kama umechorwa sasa hivi. Pembeni yake mumewe alikuwa ameandika, kwa herufi ndogo, meli hiyo ilikuwa nini. Aliisoma akiwa amesimama uani. Ilisema kwamba akiulizwa tena, atamtaja tena mshika usukani.

Aliirudisha karatasi ndani, akamwonyesha. Bwana Slaidi alisema hayo ni mawazo ya faragha, na kwamba mtu hawezi kuhukumiwa kwa jambo ambalo hajalifanya.

Mkewe akampelekea shangazi ile karatasi. Shangazi alivaa miwani, akasoma, akamrudishia. Alisema yeye huwatoa wale walioingia bila ruhusa, na kwamba huyu wa sasa amefichiwa chumba na mwenye nyumba mwenyewe, aliyesema kwa kinywa chake kwamba hakipo, basi nani atamgongea mlango? Akamuuliza kama ana mahali pa kulala wiki hii.

Mchezo haukufa. Mama Pacha aliuchukua, akauongoza kama ulivyokuwa mwanzo, adui akiwa yeye mwenyewe, manowari amezipanga kwa kalamu yake, na mafundi wa miji mingine wakaomba nafasi. Bwana Slaidi alipandishwa cheo. Mkurugenzi alisema amekomaa sana, amekuwa mtulivu, hababaiki tena, na kwamba ukimuuliza jambo anajibu kwa maneno machache kuliko zamani, kana kwamba swali lenyewe limemchosha.

Mkewe alirudi mara moja tu, Jumatano mchana, kuchukua cherehani aliyokuwa ameipeleka kutengenezwa na fundi akairudisha nyumbani kwa makosa. Jua lilikuwa kali, majani ya miti nje yamesimama bila kutikisika. Mumewe alikuwa amekaa sebuleni kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, tai shingoni. Alimsalimia kwa adabu. Alimuuliza habari za kwa shangazi, na sauti ilikuwa yake kabisa, ila alikuwa akitazama kucha zake.

Alibeba kichwa cha cherehani kifuani, mzigo mzito, akaelekea mlangoni. Mumewe akamwomba aufunge mlango vizuri akitoka, maana upepo ni mkali.

Aligeuka nusu kumjibu. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Pazia lilining'inia limenyooka, na uzi uliokatika kwenye meza ya kushonea ulikuwa umelala palepale alipouacha. Ila tai ya mumewe ilikuwa imenyanyuka kutoka kifuani, inapepea kuelekea nyuma ya bega lake, na kola ya shati ilikuwa ikipigapiga shingoni mwake haraka haraka, naye amekaza macho kidogo, kama mtu anayeangalia mbali mbele ya meli inayokwenda kasi.

Aliufunga mlango kwa mguu. Hakuiweka cherehani chini mpaka alipofika barabara kubwa.